Usiichomeke kwanza: mwongozo wa kupokea na kutunza flopi, CD, flashi na mafaili ya kompyuta kwenye hifadhi ya nyaraka

Ilikuwa barua ya katibu wa chama cha ushirika, imeandikwa kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwaarifu wanachama kwamba ghala litauzwa. Miaka mingi baadaye ukazuka mgogoro wa ghala lile, na jambo ambalo pande zote mbili zilitaka kulijua lilikuwa moja tu, tarehe. Je, wanachama waliarifiwa kabla ya mauzo au baada? Flopi ikaletwa mezani kwangu. Nikaichomeka, nikaifungua barua kwa Word, na pale juu kulia nikasoma tarehe ya siku ile ile niliyokuwa nimekaa pale. Aliyeichapa alikuwa ameweka tarehe inayojibadilisha yenyewe kila barua ikifunguliwa. Nilipofunga, kompyuta ikauliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko, nami kwa mazoea ya mkono nikabonyeza ndiyo. Hapo hapo tarehe ya faili lenyewe, ule ushahidi wa mwisho tuliobakiwa nao, ikageuka kuwa ya leo. Nakala ya karatasi haikupatikana kwenye jalada.

Yote ninayoandika hapa yametokana na siku ile. Nawaandikia wenzangu wanaotunza kumbukumbu kwenye taasisi ndogo: dayosisi, halmashauri, shule, msikiti, chama cha ushirika, redio ya jamii. Huko ndiko yanakoishia maboksi ya viatu yaliyojaa flopi na flashi, na mara nyingi anayeyapokea ni mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Kama wewe ni wa ofisi ya umma Tanzania, kumbuka kwamba Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 inaitambua kumbukumbu bila kujali umbo lake. Flopi ya masjala ni kumbukumbu sawa na jalada la karatasi, na haiteketezwi kwa sababu tu hakuna mashine ya kuisoma.

Hatua ya kwanza: pokea kwa kalamu kabla ya kupokea kwa kompyuta

Mtu akikuletea mfuko wa flashi na CD, mkaribishe kiti. Saa moja ya kuzungumza naye ina thamani kuliko programu yoyote, kwa sababu leo bado anakumbuka na mwakani huenda asikumbuke. Muulize: kompyuta iliyotumika ilikuwa ya nani, na iliwekwa ofisi gani? Nani alikuwa akichapa? Walitumia programu gani? Kuna neno la siri? Je, vitu hivi vilikaa pamoja siku zote, au vimekusanywa kutoka kwenye droo mbalimbali wiki hii? Swali hili la mwisho ndilo la asili ya kumbukumbu, na bila asili faili la kompyuta ni maandishi yaliyookotwa njiani.

Kisha lipo swali ambalo wengi hulisahau. Nakala kamili ya diski, ambayo tutaitengeneza hapa chini, hubeba hata mafaili yaliyofutwa ambayo hayajaandikwa juu yake. Mweka hazina aliyestaafu anaweza kuwa alifuta barua zake za nyumbani kabla ya kukukabidhi flashi, akaamini zimekwisha. Mweleze waziwazi kwamba zinaweza kurudi, na mwandike kwenye hati ya makabidhiano kama anaruhusu zihifadhiwe, zifungwe kwa muda fulani, au ziondolewe kabisa. Huu ni uaminifu kwanza, na ni sheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Baada ya hapo fungua rejista. Kila kitu kimoja kipate namba yake: US-2024-03/007, kwa mfano, ambapo US ni ushirika, 2024-03 ni mapokezi ya tatu ya mwaka huo, na 007 ni flopi ya saba. Nakili maandishi ya lebo jinsi yalivyo, hata kama yamekosewa. Lebo ikisema "MISHAHARA NA MENGINEYO – USIFUTE", andika hivyo hivyo. Piga picha mbele na nyuma. Usibandike lebo yako juu ya lebo ya mwenyewe, na kwenye CD usibandike chochote: gundi hula upande ule wa maandishi, na uzito wa karatasi huiyumbisha inapozunguka. Ukilazimika kuiandika CD, tumia maka peni isiyo na spiriti, tena kwenye duara la plastiki angavu katikati tu. Mimi huandika namba kwenye bahasha, CD yenyewe naiacha.

Hatua ya pili: itazame

Shika flopi ya inchi 3.5 kwa pembe zake. Ile bati ya kuteleza juu isukume kwa kidole, utaona utepe wa rangi ya kahawia au nyeusi. Geuza upande wa pili, zungusha taratibu kile kitovu cha chuma huku ukiangalia uso wa utepe kwenye mwanga wa dirishani. Unatafuta vitu vitatu: mikwaruzo ya duara, mafuta ya vidole, na madoa meupe au ya kijivu kama vumbi la unga. Madoa hayo ni ukungu. Sisi tunaoishi Tanga, Mombasa au Unguja tunaufahamu, ndio ule ule unaoota kwenye viatu vya ngozi kabatini wakati wa masika.

Flopi yenye ukungu usiiingize kwenye mashine kamwe. Kichwa cha kusomea kitaukokota ukungu, kitaikwaruza flopi hiyo na kuipaka kila flopi itakayofuata. Itenge kwenye mfuko wake ikauke kwanza, kisha ukungu uondolewe kwa pamba safi na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ukivaa barakoa. Kazi hii inahitaji mkono mtulivu. Kama hujawahi kuifanya, jifunzie kwenye flopi tupu isiyo na maana.

CD hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Ukiifuta kwa kuzungusha, kama tunavyozoea kufuta sahani, mkwaruzo mmoja utafuata njia ile ile ya data na kuharibu mfululizo mrefu. Mkwaruzo unaokata njia huathiri vipande vidogo vidogo ambavyo mashine inaweza kuvifidia.

Diski ngumu itegee sikio. Ikiwashwa ikatoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, izime papo hapo, usijaribu tena. Hiyo ni ya fundi wa kuokoa data, na kila jaribio lako linapunguza kitakachookolewa.

Hatua ya tatu: ziba mlango wa kuandika

Kompyuta haisomi tu. Windows ikichomekwa flashi inaweza kuandika folda yake ya siri humo humo kabla hujabonyeza chochote, na kompyuta za Apple huacha vifaili vyao vidogo kila folda unayoifungua. Kwa hiyo kabla kitu hakijaunganishwa, kizuie kuandikwa.

Wenye umri wangu wanakumbuka kaseti za muziki. Ukivunja kile kimeno cha plastiki nyuma, kaseti hairekodiki tena, na ukitaka kurekodi unaziba tundu kwa seloteipu. Flopi ya inchi 3.5 ni hivyo hivyo: ina kitelezi kwenye pembe, na tundu likiwa wazi haiandikiki. Lakini angalia, zile flopi kubwa laini za inchi 5.25 zinakwenda kinyume. Pale ukingoni kuna pengo, na pengo likiwa wazi ndipo zinaandikika. Ili kuzikinga unaziba pengo kwa kipande cha seloteipu nyeusi. Nimeona watu wawili wakibishana juu ya jambo hili, na wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwa flopi yake.

CD na DVD za kawaida hazina shida hiyo, kuzisoma hakuziandiki. Kadi za SD zina kiswichi cha pembeni, kisogeze, ila usikitegemee peke yake. Flashi na diski ngumu zinahitaji kifaa maalumu cha kuzuia kuandika kinachokaa kati yake na kompyuta. Bei yake si ya taasisi ndogo, nalijua hilo. Njia ya mwenye mfuko mdogo ni kompyuta ya Linux (mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows) ambayo umeizuia kufungua vitu vyenyewe. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, amri ya kuchapa kwenye dirisha la Terminal ni hii:

gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false

Ukishachomeka, tafuta jina la kifaa kwa amri ya lsblk, kisha kifunge kwa:

sudo blockdev --setro /dev/sdb

ambapo sdb ni jina ulilolikuta. Haina nguvu ya kifaa maalumu, lakini imekaribia sana.

Hatua ya nne: nakala pacha, na usifungue hata faili moja

Hapa ndipo kazi ilipo. Usinakili mafaili kwa kuyaburuta kutoka dirisha moja kwenda jingine. Ukiyaburuta unapoteza tarehe, unayaacha yaliyofichwa, na hujui kilichoshindikana. Tengeneza nakala pacha ya diski nzima, kuanzia sekta (kipande kidogo cha diski) ya kwanza hadi ya mwisho, iwe faili moja.

Fanya hivyo kwenye kompyuta ya karantini, yaani kompyuta isiyo na intaneti wala mtandao wa ofisi, ya zamani tu inatosha. Programu ninayoipenda ni ddrescue, ambayo ni ya bure:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb US-2024-03-007.img US-2024-03-007.map

Maana yake: soma kifaa sdb moja kwa moja, rudia mara tatu pale panapogoma, weka matokeo kwenye faili la img, na andika kumbukumbu ya kazi kwenye faili la map. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza. Chanzo kinatangulia, mwisho unafuata, na ukivigeuza unaweza kufuta ulichotaka kukiokoa.

Faili la map ndilo linalonifanya niipende programu hii katika nchi zetu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na utakatika, unarudia amri ile ile na ddrescue inaendelea pale ilipoishia. Hata flopi iliyogoma kwenye mashine moja unaweza kuihamishia mashine nyingine, ukaendelea kujazia sekta zilizobaki. Nimewahi kukamilisha flopi moja kwa mashine tatu.

Flopi ya kawaida ya 1.44 ikisomwa yote, img yake ina baiti 1,474,560. Jizoeze kuitambua namba hiyo. Ukubwa peke yake hautoshi lakini, soma pia mwisho wa kazi kuona kama kuna sekta zilizoshindikana, na uziandike kwenye rejista. Msomaji wa kesho ana haki ya kujua kwamba ukurasa wa nne wa kumbukumbu za mkutano una pengo kwa sababu ya flopi, asije akadhani katibu alificha kitu.

Mashine ya flopi ya USB inayouzwa siku hizi husoma flopi za inchi 3.5 za kompyuta za kawaida tu. Za inchi 5.25 zinahitaji mashine ya saizi hiyo, na zile za Macintosh za zamani za kilobaiti 400 na 800 zinahitaji mashine ya inchi 3.5 ya ndani ya kompyuta, zote zikiunganishwa kupitia bodi ndogo kama Greaseweazle, inayosoma mawimbi ya sumaku yenyewe. Kabla ya kununua chochote ulizia vyuo na mafundi wa zamani wa kompyuta mjini kwako. Mashine hizo bado zipo zimelala chini ya meza.

Kuhusu virusi

Flashi za kwetu zina ugonjwa wake, kila mtu aliyewahi kwenda stesheneri kuprinti anaujua. Unaifungua na kukuta mafolda yote yamegeuka kuwa vishotikati. Wengi wakiona hivyo hufomati flashi. Nakuomba usifanye hivyo. Katika visa vingi mafaili hayajaenda popote, virusi vimeyaficha tu na kuweka vishotikati mahali pake ili ubonyeze na kuvisambaza. Kwenye nakala pacha, ndani ya Linux, folda zako utazikuta zimekaa salama, pengine ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili kutoka humo, vishotikati viache.

Antivairasi iwepo, ClamAV ni ya bure, lakini ielekeze itoe taarifa tu. Isifute. Nyaraka za Word za miaka ya 1990 zilibeba virusi vya makro, yaani vinavyokaa ndani ya waraka wenyewe, na antivairasi iliyowekwa kufuta yenyewe itakula barua pamoja na kirusi chake. Nakala pacha ibaki na kirusi chake ndani, imeandikwa wazi kwenye rejista kwamba ina kirusi. Nakala ya kusomwa ndiyo isafishwe.

Hatua ya tano: namba ya uthibitisho

Mara tu nakala pacha inapokamilika, kabla hujaenda kunywa chai, ichukulie namba ya uthibitisho:

sha256sum US-2024-03-007.img > US-2024-03-007.sha256

Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote unageuka. Hivyo mwaka 2040 mtu akikuuliza utajuaje kwamba barua hii haijaguswa, unarudia amri, unalinganisha na iliyoandikwa leo. Mimi huiandika pia kwa kalamu kwenye rejista ya karatasi: herufi nane za mwanzo na nane za mwisho, saini na tarehe. Anayetaka kughushi itambidi aghushi sehemu mbili.

Ningekuwa na nakala pacha na namba hii siku ile ya barua ya ghala, kosa la mkono wangu lisingekuwa na madhara yoyote. Ningefunga, nikafungua nakala nyingine.

Hatua ya sita: tambua lugha ya faili, kisha ligeuze bila kutupa la kwanza

Sasa fungua nakala pacha kwa kusoma tu (mount -o ro,loop) na utoe mafaili. Usiamini herufi tatu za mwisho wa jina. Enzi za DOS jina lilikuwa na herufi nane na kiambishi cha herufi tatu, na makatibu muhtasi wetu walikitumia kiambishi kama walivyoona inafaa: MKUTANO.MAR ni mkutano wa Machi, BARUA.014 ni barua ya kumi na nne. Kompyuta ya leo haitazielewa. Programu ya DROID, iliyotengenezwa na Nyaraka za Taifa za Uingereza na inayotolewa bure, huchungulia ndani ya faili na kulilinganisha na daftari la fomati liitwalo PRONOM. Itakuambia, kwa mfano, fmt/40, yaani Word ya 97 hadi 2003.

LibreOffice hufungua mengi ya zamani: WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase. Barua na taarifa zigeuze kuwa PDF/A, aina ya PDF iliyowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 mahususi kwa kuhifadhi, ambayo hubeba fonti zake ndani. Majedwali yageuze kuwa CSV, yaani maandishi tupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa alama ya mkato. Picha ziwe TIFF, sauti ziwe WAV. Kabla ya kugeuza barua ya Word angalia kama tarehe yake ni ile inayojibadilisha. Ikiwa ndivyo, chukua tarehe kutoka kwenye taarifa za faili ndani ya nakala pacha na iandike kwenye maelezo, huku ukisema wazi kwamba hiyo ni tarehe ya faili wala si ya barua.

Kwenye CSV kuna mtego mmoja. Ukiifungua moja kwa moja kwa Excel, mwanachama namba 0041 anageuka kuwa 41, na simu 0754 zinapoteza sifuri ya mbele. Ukihifadhi, umeharibu orodha nzima ya wanachama bila kuona. Ziingize safu hizo kama maandishi, au iangalie CSV kwa programu ya maandishi tupu. Taasisi zenye Kiswahili au Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu ziwe makini zaidi. Programu za zamani zilikuwa na misimbo yake ya herufi, na ukigeuza bila kuchagua msimbo sahihi unapata alama za maswali matupu. Mtafute mtu anayesoma hati hiyo, akae pembeni yako wakati wa kugeuza.

Faili la awali libaki daima, hata ukiridhika na lililogeuzwa.

Na kuna vitu havigeuziki. Mwaka 1986 BBC ilitengeneza Domesday ya kisasa kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, daftari la mfalme la ardhi na mali za Uingereza. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 mashine za kuzisomea zilikuwa adimu, na ilibidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan waandike programu ya kuigiza kompyuta ile ya zamani ili kazi ionekane tena. Kitabu cha 1086 kilikuwa bado kinasomeka. Ukikutana na kitu cha namna hiyo, programu ya malipo iliyoandikwa na fundi wa mtaani mwaka 1995 kwa mfano, tunza nakala pacha, mwongozo wake wa karatasi, na jina la aliyeiandika.

Hatua ya saba: funga mzigo na ueleze

Weka kila kilichotoka kwenye kitu kimoja ndani ya folda moja: img, map, namba ya uthibitisho, picha za lebo, mafaili yaliyotolewa, na yaliyogeuzwa. Kisha ufunge kwa mtindo wa BagIt, uliochapishwa mwaka 2018 kama RFC 8493, mojawapo ya nyaraka za taratibu za intaneti. Si programu ya ajabu, ni utaratibu tu: folda iitwayo data yenye vitu vyenyewe, na pembeni yake faili la maandishi linaloorodhesha kila kitu na namba yake ya uthibitisho. Programu ya Bagger kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani huufanya kwa kubonyeza.

Maelezo yawe ya kawaida ya nyaraka: nani alitengeneza, ofisi gani, kuanzia lini hadi lini, yanahusu nini, masharti ya kusoma. Usipange upya folda za katibu kwa sababu wewe unaona hazina mpangilio. Kuwa "Barua za Mkuu wa Wilaya" zilikaa ndani ya folda iitwayo "Matatizo" ni habari tosha.

Hatua ya nane: nakala tatu, na hewa ya pwani

Piga hesabu: flopi 300 zilizojaa hazifiki megabaiti 450. Maboksi yote ya miaka 15 ya chama cha ushirika yanaingia kwenye CD moja. Kwa hiyo hakuna kisingizio cha nafasi. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili angalau, na moja ikae mji mwingine. Sisi tuna diski ngumu mbili za eksteno, za kampuni tofauti na zilizonunuliwa miaka tofauti ili zisife pamoja. Moja iko kabati la chuma ofisini, nyingine kwa taasisi ndugu bara, mbali na bahari. Ya tatu iko kwenye kompyuta inayotumika. Usitumie flashi kama ghala. Inahifadhi data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja ikilala bila kuwashwa, hasa kwenye joto.

Flopi na CD za asili zisimame wima kama vitabu, mbali na spika na transfoma. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana kila siku kinaleta umande. Kwa pwani, ambako unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, mbinu yetu ni makontena ya plastiki ya chakula yanayofunga kabisa, ndani yake vipakiti vya silika jeli. Nunua zile punje zinazobadilika rangi. Za chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji, zikaushe ovenini na uzirudishe. Kipimo kidogo cha unyevu ndani ya kila kontena hakina gharama kubwa, nacho kitakuonyesha kama umekaa kati ya asilimia 30 na 50.

Kila Januari na Julai pitia namba za uthibitisho za nakala zote tatu. Ikitofautiana moja, ifute na uijaze upya kutoka kwa nyingine, na uandike siku ilipotokea. Kila baada ya miaka mitano hivi nunua diski mpya na uhamishe, hata kama ya zamani bado inafanya kazi.

WhatsApp, ambayo ndiyo masjala ya leo

Maamuzi mengi ya kamati siku hizi hayaandikwi barua. Yanapita kwenye kundi la WhatsApp, mwenyekiti anaandika "imepitishwa", watu wanaweka vidole gumba. Hiyo ni kumbukumbu. Programu ina sehemu ya kutoa mazungumzo kama faili la maandishi pamoja na picha na sauti. Toa kila mwisho wa mwaka, usisubiri simu ya katibu iibiwe kwenye daladala.

Lakini jua kwamba majina kwenye faili hilo ni yale aliyoyahifadhi mwenye simu. Mwenyekiti anaweza kutokea kama "Baba Neema", mhasibu kama "Dada wa Benki", na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ni nani. Siku hiyo hiyo ya kutoa, kaa na katibu, tengeneza orodha: jina lililoandikwa, jina kamili, cheo chake wakati huo. Iwekwe ndani ya mzigo ule ule. Kwa kundi la watu 40 kazi hii haimalizi mchana mmoja.

Msomaji akija

Msomaji hapewi flopi, wala diski yenye nakala pacha. Anapewa nakala ya kusomea kwenye kompyuta isiyo na tundu la flashi linalofanya kazi, ikiwa imeshapitiwa kuondoa namba za akaunti, taarifa za afya na zile barua za nyumbani za mweka hazina. Akihitaji kuthibitisha kitu kwa ajili ya baraza la ardhi au mahakama, mnafungua rejista pamoja, anaiona namba ya siku ya mapokezi, unarudia amri ya sha256sum mbele yake kwenye nakala pacha, na analinganisha kwa macho yake mwenyewe, herufi kwa herufi. Kisha anasaini kwamba ameona.